Kipochi cha vifaa vya usafi kwa msafiri wa begi moja: nichague kipi?

Begi Moja aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu katika jambo linaloonekana dogo lakini limenishinda. Nimejizoeza kusafiri na begi moja la mgongoni lenye ujazo wa lita 28, na karibu kila kitu ndani yake kimeshapata mahali pake: nguo zimepungua hadi seti tatu, viatu ni vile nilivyovaa miguuni, na chaja zilizokuwa nne sasa imebaki moja. Kinachonikera ni kipochi cha vifaa vya usafi. Ninachokitumia nilikinunua zile siku nilipokuwa nikiburuta sanduku la magurudumu, nacho kina umbo la boksi lenye urefu wa sentimita 26, kimo cha sentimita 14 na unene wa sentimita 11. Nikipiga hesabu napata lita 4, yaani sehemu moja ya saba ya begi zima, na hata nikitia mswaki mtupu hakipungui ukubwa kwa sababu kuta zake ni ngumu.

Safari iliyopita chupa ya shampuu ilifunguka ndani ya ndege. Sikuhuzunikia shampuu. Kilichonikasirisha ni bitana ya kitambaa iliyoinyonya yote, hata nilipofika nikaukuta mswaki umelala katika povu, na kwa siku tatu zilizofuata kila nilichokitoa humo kilikuwa kinateleza.

Nimeona aina tatu za kuchagua. Kuna vile vinavyokunjuka na kuning'inia kwa kulabu, kuna vipochi bapa vyenye zipu moja, na kuna vile vya plastiki inayoonyesha vilivyomo. Safari zangu huwa za siku nne hadi kumi, mara chache wiki mbili. Sipeleki mzigo kwenye sehemu ya chini ya ndege, na mara nyingi nalala mahali ambapo bafu ni la wageni wote. Je, ukubwa unaotosha ni lita ngapi, na katika aina hizo tatu ipi itanifaa?

Mzururaji alijibu:

Ndugu yangu, kwa maoni yangu umeanzia mwisho. Kipochi ni kitu cha kununua baada ya kila kitu kingine kuamuliwa, kwa sababu ukikinunua kwanza utakijaza, kiwe kikubwa kiwe kidogo, na ukubwa wake ndio utakaokuamulia ubebe nini. Tandika taulo juu ya meza, mimina kila kilichomo katika hicho cha zamani, kisha utenge mafungu matatu: vinavyotumika kila siku, vinavyotumika mara moja kwa wiki, na vile unavyovibeba kwa kuwa "huenda vikahitajika". Fungu la tatu ndilo linalokula nafasi. Langu lilikuwa na kikatio cha kucha, kibano cha nywele, chupa mbili za manukato na pakiti ya pamba za masikio ambayo, kwa kweli, sikumbuki niliifungua lini. Mtu anayekata kucha usiku wa kuamkia safari hana haja ya kikatio kwa siku kumi.

Baada ya hapo pima vimiminika, wala usikisie. Mimi nilibandika utepe kwenye chupa ya losheni nyumbani, pale losheni ilipoishia, nikaitumia kama kawaida kwa siku saba, kisha nikapima pengo kwa kujaza maji. Nilikuta nimetumia mililita 35 hivi, ilhali miaka yote nilikuwa nikibeba chupa ya mililita 100 kwa safari ya siku nne. Dawa ya meno ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Kiasi cha ukubwa wa punje ya njegere, ambacho kwa mtu mzima kinatosha, ni kama robo ya gramu. Kwa hiyo bomba dogo la gramu 25 lina mipigo karibu mia moja, na kwa anayepiga mswaki mara mbili kwa siku hiyo ni zaidi ya mwezi mmoja na nusu. Hata ukiwa mkono wazi ukatumia mara mbili ya kiasi hicho, bado bomba hilo linavuka wiki mbili zako bila taabu.

Sasa vipange vilivyobaki vikiwa vimelala na kugusana, upime urefu, upana na unene wa rundo lenyewe. Wengi wanaofanya hivi kwa uaminifu huangukia kati ya lita 1 na lita 1.5. Hata hivyo, kipimo ninachokitazama kabla ya lita ni urefu wa ndani, kwa sababu ya mswaki. Mswaki wa mtu mzima huwa na sentimita 18 au 19, na kipochi kifupi kuliko hapo kitakulazimisha uulaze kimshazari, ambapo unakata nafasi vipande viwili na kila chupa inagombana nao. Kuna miswaki inayokunjwa, lakini bawaba yake hukusanya utando mweupe wa dawa ya meno, nami niliuacha baada ya safari moja.

Kuhusu umbo, mimi nasema bapa bila kusita. Begi la mgongoni lina tumbo la mviringo. Boksi likiingia humo huacha mapengo kwenye pembe zake ambayo hayatoshi hata soksi, lakini kitu bapa na laini hujibana pembeni mwa nguo. Changu kina sentimita 20 kwa 13 kwa 5, yaani lita 1.3, na hakijajaa.

Fundi Cherehani alijibu:

Mimi ni mshonaji wa mabegi, na sentensi iliyonivutia katika swali ni ile ya bitana kunyonya shampuu. Watu wengi huchunguza kitambaa cha nje na kuisahau bitana, ilhali kwa kipochi cha bafuni bitana ndiyo inayokutana na maji. Ukiweza, chagua kisicho na bitana kabisa, chenye tabaka moja la nailoni iliyopakwa kinga ya maji upande wa ndani. Kikichafuka unakigeuza ndani nje, unakisuuza bombani na kukitundika, na kabla hujamaliza kuvaa kimeshakauka.

Uzito wa nyuzi hupimwa kwa deniya, ambayo ni gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kwa kazi hii deniya 70 hadi 210 inatosha. Ukimwona muuzaji anajivunia deniya 500 na kuendelea, jua anakuuzia kitambaa cha begi linaloburutwa chini, na wewe ndiye utakayebeba uzito wake. Kinga ya ndani nayo ina tabia zake. Ile ya poliurethani ndiyo ya kawaida na hufanya kazi vizuri, ila unyevu wa muda mrefu huivunjavunja, na siku moja utahisi ndani kunanata na kubanduka vipande kama ngozi iliyoungua na jua. Nailoni iliyopakwa silikoni haibanduki namna hiyo, ingawa inateleza na fundi asiye mzoefu huishona ovyo. Katika plastiki za kuonyesha, PVC hukakamaa na kupasuka kwenye baridi na mara nyingi ina harufu. TPU ni laini zaidi na huvumilia kukunjwa.

Zipu inayoitwa ya kuzuia maji isikupumbaze. Huzuia matone yanayorushwa kutoka nje, lakini shampuu iliyotulia juu yake kwa saa tano itatafuta njia, na isipoipata kwenye meno ya zipu itaipata kwenye miisho yake au kwenye matundu ya sindano yaliyo katika mshono. Mimi, kwa hiyo, sitafuti kipochi kisichopitisha chochote. Kipochi cha namna hiyo kikizuia maji yasitoke, kinazuia pia mswaki usikauke, na ukifungua baada ya siku mbili kinanuka ukungu. Afadhali kiwe na upande mmoja wa wavu, hata mdogo, kwa ajili ya vitu vinavyorudishwa vikiwa na maji.

Ukishakishika mkononi dukani, fanya mambo mawili. Kwanza kigeuze ndani nje na utazame kingo za mshono: zikiwa zimefungwa kwa ukanda wa kitambaa, sawa, zikiwa wazi na nyuzi zinachomoza, zitaendelea kufumuka hadi zishikwe na kichwa cha zipu. Pili, fungua na kufunga zipu kwa mkono mmoja na upunguze mwendo kwenye kona. Zipu inayopindishwa kwa pembe kali hufia hapohapo, kwa kuwa kila ikipita kichwa chake huvutwa upande. Kona iwe ya mviringo, na zipu iwe angalau namba 3. Namba hizo hufuata takriban upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita, hivyo namba 5 ni pana na imara zaidi lakini kwa kipochi kidogo inakifanya kikakamae.

Mikono Mitupu alijibu:

Naheshimu maelezo ya waliotangulia, lakini sioni kwa nini mtu anunue kipochi. Tangu mwaka 2006, baada ya kugunduliwa nchini Uingereza njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya kimiminika, viwanja vya ndege katika nchi nyingi vimekutaka uweke vimiminika kwenye vyombo visivyozidi mililita 100 kila kimoja, vyote viingie katika mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha vilivyomo na unaofungwa. Mfuko huo tayari unao. Ukiutia ndani ya kipochi cha nailoni, umebeba kifuko ndani ya kifuko, na kwenye foleni ya ukaguzi utavifungua vyote viwili huku watu wakikusubiri nyuma.

Kumbuka pia kwamba kinachohesabiwa ni ujazo ulioandikwa kwenye chombo. Bomba la mililita 150 lililobakiwa na dawa ya meno ya siku mbili litazuiwa vilevile, na dawa ya meno, jeli, krimu na vya kupuliza vyote vinahesabiwa kuwa vimiminika. Ni kweli kwamba mashine mpya za kupiga picha za pande zote zimeviruhusu baadhi ya viwanja kulegeza masharti hayo, lakini kulegezewa unakotoka hakukusaidii ikiwa kiwanja cha kurudia bado kinashika mililita 100.

Mimi natumia mfuko huo peke yake. Mswaki unatokeza kichwa chake juu, nimeuvika kofia yake, basi. Uzito wa mfuko ni gramu chache tu, na chupa ikivuja naona kabla sijagusa.

Bibi Safari alijibu:

Mwanangu Mikono Mitupu, mfuko wako ni mzuri kwa mtu ambaye hana cha kusitiri. Mimi nina dawa za kila siku, na miaka ya nyuma nilikuwa na vitambaa vya hedhi pia. Sipendi kupita ukumbini kwenda bafu la wageni wote huku kila mtu akisoma vidonge vyangu. Tena mifuko hiyo hutoboka kwenye pembe za chini baada ya safari chache, hasa ikiwa na chupa zenye kona, na kufunga kwake hulegea kila kinapopata mchanga au unga wa sabuni.

Begi Moja, wewe umetaja bafu la wageni wote, na naona hakuna aliyelishika jambo hilo. Katika bafu la namna hiyo mara nyingi hakuna rafu. Kuna sakafu iliyolowa, kuna ukingo mwembamba wa beseni, na kuna msumari mlangoni. Kitu kinachoweza kuning'inia kina thamani hapo, na mtu aliyewahi kushika wembe kwa meno huku akitafuta pa kuweka sabuni atanielewa. Lakini haina maana ununue kile kinachokunjuka kama kitabu. Niliwahi kuwa nacho, na kikiwa kitupu nilikipima kwenye mizani ya jikoni nikapata gramu 310. Kina mifuko saba, na mifuko saba humfanya mtu atafute vitu saba vya kuitia. Kulabu yake ilikuwa ya plastiki na mdomo wake ulikuwa mwembamba, haukuweza kushika ukingo wa mlango wala bomba la taulo.

Chukua kipochi bapa kama cha Mzururaji, kiwe na kitanzi kidogo kilichoshonewa upande mfupi, na upitishe humo kipande cha kamba chenye urefu wa sentimita 30. Kamba inafungika popote: msumari, kitasa, bomba la maji. Ila uangalie zipu ifunguke upande wa juu kinapokuwa kimening'inia, la sivyo vitu vyako vitamwagika miguuni.

Mzururaji aliongeza:

Bibi amenigutusha, mimi sikufikiria kitanzi, nami nitakishonea changu. Naomba niongeze neno kuhusu ile chupa ya shampuu, kwa sababu kubadilisha kipochi peke yake hakutaizuia kufunguka tena.

Hewa ndani ya ndege ikiwa juu hupunguzwa hadi kufanana na ile ya mlimani, kwenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400 kutoka usawa wa bahari. Chupa uliyoifunga chini ikiwa nusu tupu imefungiwa pia hewa ya chini, na hewa hiyo ikifika huko hutaka nafasi zaidi kwa karibu theluthi moja. Ikikosa, inakisukuma kimiminika mbele yake kupitia kifuniko. Ndiyo maana chupa iliyojaa hadi shingoni haisumbui sana kama iliyobaki nusu. Tumia chupa laini, ibinye taratibu mpaka kimiminika kifike mdomoni na hewa itoke, kisha ufunge huku ukiendelea kuibinya. Itabaki imebonyea, na hewa iliyobaki ikipanuka itakuwa na pa kwenda. Kifuniko cha kuzungusha ni bora kuliko cha kubetua kwa dole gumba, ambacho nguo zinaweza kukibetua zenyewe begi likibanwa.

Na ikiwa nywele zako zinakubali, shampuu ya mche haivuji wala haihesabiwi katika kimiminika. Jambo moja dogo la kando kwa wanaonyoa: mashine yenye kichwa cha kubadilisha huruhusiwa kuingia nawe ndani ya ndege, lakini viwembe vitupu vya kukata pande mbili huchukuliwa kwenye ukaguzi.

Begi Moja alirudi:

Nawashukuru nyote, hasa Bibi. Jana usiku nilitandika taulo. Vitu vilivyomwagika vilikuwa 23, na vilivyorudi ni 11. Katika vilivyokataliwa kulikuwa na sindano na uzi ambavyo nimevibeba tangu nianze kusafiri na kuvitumia mara moja, tena kwa kumsaidia mtu mwingine. Rundo lililobaki lilinipa lita 1.1, na mswaki wangu una sentimita 18.5.

Nimepata kipochi bapa cha nailoni ya deniya 210 kisicho na bitana, chenye urefu wa ndani wa sentimita 21 na kona za mviringo. Hakikuwa na kitanzi. Nilimpa fundi wa mtaani akakishonea kimoja kwa dakika chache. Kwa hoja ya Mikono Mitupu nimefanya mapatano: vimiminika vyangu sasa ni vitatu tu, vimo katika kifuko kidogo cha plastiki cha kuonyesha, ambacho hukaa nje kabisa, kwenye mfuko wa mbele wa begi, na huingia ndani ya kipochi nikishafika. Kwa hiyo kwenye ukaguzi sifungui kipochi.

Limebaki swali moja. Nimehamia kwenye mche wa shampuu na mche wa sabuni, lakini asubuhi ya kuondoka vyote viwili huwa bado vimelowa. Kwenye kikopo vinayeyuka na kuwa uji, na kwenye wavu vinapaka kila kitu.

Fundi Cherehani alijibu:

Usibebe mche mzima. Ukate kwa kisu kikavu upate robo, kwa sababu kipande chembamba hukauka haraka kuliko kinene na kwa siku kumi robo inatosha. Asubuhi ya kuondoka oga kwanza, kabla ya kufunga nguo. Kifute kipande hicho kwa pembe ya taulo, kisimamishe kwa ubavu ukutani ili hewa ipite pande zote mbili, kisha ndipo ukapange begi lako. Kikopo kiwe cha alumini, maana vile vya bati hushika kutu kwenye uzi wa kifuniko, na chini yake ukate kipande cha dodoki kisichozidi nusu sentimita ili sabuni isikalie maji yake yenyewe. Usikaze kifuniko mpaka utakapokuwa unatoka mlangoni.